Jiwe ndani ya birika: kitu kikipotelea majini huenda wapi?

Binamu yangu alihama Wete, kisiwani Pemba, mwanzoni mwa mwaka akaolewa Jambiani, pwani ya kusini mashariki ya Unguja. Haikupita miezi miwili akanipigia simu usiku. "Kaka, birika langu limeota jiwe." Akanitumia na picha. Kweli: ndani ya birika jipya, chini na ubavuni, kumeganda ukoko mweupe, mgumu, umepasukapasuka kama ukoko wa wali uliosahauliwa jikoni. Birika alilolitumia kwao Wete miaka sita halikuwahi kumfanyia hivyo.

Kabla ya kunipigia alikuwa ameshawauliza jirani, na kila mmoja alikuwa na jawabu lake. Wa kwanza alimwambia hiyo ni chumvi ya bahari, maji ya pwani ndivyo yalivyo. Wa pili alisema ni dawa inayotiwa kwenye maji. Wa tatu akamtia hofu: hilo ndilo linalokwenda kuwa jiwe la figo, chuja maji kwa kitambaa kabla hujayateleka. Binamu akakunja kanga mara nne, akachuja. Ukoko ukaendelea kuota.

Majibu matatu, na yote yamekosea. Nadhani yamekosea mahali pamoja: hatujui hasa kinachotokea kitu kinapopotelea majini. Tunakiona kila asubuhi kwenye kikombe cha chai, na kwa kuwa tumekizoea hatukiulizi.

Neno moja, mambo mawili

Lugha yenyewe imetuchanganya kidogo. Twasema samli imeyeyuka kikaangoni, barafu imeyeyuka gilasini, sukari imeyeyuka kwenye chai. Mawili ya mwanzo ni jambo moja: kitu kigumu kimepata joto kikawa majimaji, na kikipoa kitaganda tena. Samli iliyoyeyuka bado ni samli tupu. La tatu ni jambo jingine kabisa. Sukari haiyeyuki kwa joto mpaka ifike karibu nyuzi 186 za Selsiasi; anayeichoma sufuriani kwa ajili ya kashata mpaka ikabadilika rangi analijua joto hilo. Chumvi ndiyo zaidi, inataka nyuzi 801. Chai inayochemka haipiti 100, na chumvi hupotea hata katika maji ya mtungi. Kwa hiyo kinachoifungua chumvi si moto. Ni maji yenyewe.

Kwa jambo hili la pili tunalo neno zuri, kumumunyika, ndugu wa kumumunya: kile anachokifanya mtoto mwenye pipi kinywani. (Mumunye la kupika ni habari nyingine.) Maji pamoja na kilichomumunyika ndani yake huitwa mmumunyo, vitabu vingine vya skuli husema myeyusho. Kuanzia hapa, kumumunyika nitalitumia kwa kazi ya maji, na kuyeyuka nitauachia moto.

Papasi wa bandarini

Chembe moja ya maji, yaani molekuli, ina atomu moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni zilizokaa juu yake kama masikio ya paka, zikifanya pembe ya nyuzi 104.5. Oksijeni ni mchoyo. Zile elektroni wanazochangia huzivutia kwake, basi upande wake ukawa na umeme hasi kidogo, na upande wa masikio ukabaki na chanya kidogo. Chembe ya maji ingenyooka kama fimbo, huku na huku haidrojeni na katikati oksijeni, mivuto ya pande mbili ingefutana, na chumvi ingekaa chini ya gilasi kama changarawe.

Chumvi ya mezani nayo ni sodiamu na kloridi zilizopangwa kwa zamu, chanya, hasi, chanya, hasi, zimeshikana kila upande, juu na chini. Kila moja katika hizo huitwa ioni, yaani atomu iliyobeba umeme.

Sasa fikiria boti ya kutoka Dar es Salaam imefunga gati Malindi, bandari ya mjini Unguja. Wageni wameshuka kundi moja, wameshikana mikono wasipoteane. Nje ya geti wanawangoja papasi, wale vijana wanaowavizia wageni wawabebee mizigo na kuwatafutia hoteli. Kama umewahi kusimama pale unajua papasi hawalivamii kundi zima kwa pamoja. Humwanza aliye pembeni. Mmoja kashika begi, wa pili anamwita rafiki, wa tatu anamtajia hoteli, na kabla mgeni hajajua kazungukwa na watu sita, mkono wake umeshaachana na wa mwenzake. Ndivyo maji yanavyoifanya chumvi. Ioni ya sodiamu, ambayo ni chanya, huzungukwa na chembe za maji zilizoielekezea upande wa oksijeni. Ya kloridi, ambayo ni hasi, huzungukwa na zilizoielekezea masikio. Zinaanza kung'olewa za konani na za ukingoni, kisha safu inayofuata, mpaka kundi lote limetawanyika mjini.

Ukilishika hilo, mambo mengi ya jikoni yanajieleza. Chumvi ya unga hupotea upesi kuliko ya mawe kwa sababu ina kona nyingi zaidi za kushikwa. Tunakoroga kwa sababu kijiko huwaondoa papasi waliokwishapata wageni na kuwaleta ambao bado mikono mitupu. Na gilasi tunayokorogea haimumunyiki kwa kuwa atomu zake zimefungamana kwa nguvu kuliko maji yanavyoweza kuvuta. Kundi likishikana sawasawa, papasi watapiga kelele mchana kutwa na hawatamtoa mtu.

Sukari haina ioni. Lakini kila chembe yake ina mikono minane midogo ya oksijeni na haidrojeni, inayofanana kabisa na ya maji. Papasi wakiiona wanaiona ni mtu wao, wanapeana nayo mikono. Na inakaribishwa kweli: lita moja ya maji ya kawaida hubeba karibu kilo mbili za sukari, wakati chumvi ikifika gramu 360 hivi maji yameshasema basi.

Na mafuta je? Husemwa mafuta huyakimbia maji, na hata wagombanao huambiwa ni maji na mafuta. Nadhani mafuta yanaonewa. Mafuta ni mwenyeji anayerudi kwao Kiembesamaki: hana begi la kubebewa, hana hoteli ya kutafutiwa, hakuna papasi anayejishughulisha naye. Hawana chuki naye, ila wanapenda zaidi kushikana wao kwa wao, na wenyeji wanajikuta wamesukumwa pembeni, kundi moja. Maji ndiyo yanayofunga safu.

Pemba ina mfano wa jambo hili ambao haupatikani kila nchi. Katika kukamua mafuta ya makonyo ya karafuu, mvuke hupitishwa kwenye makonyo, ukayabeba mafuta, kisha ukapozwa. Vinatoka maji na mafuta, kila kimoja mbali. Asiyejua hutafuta mafuta juu, kama ya nazi. Yapo chini. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji ya ujazo uleule, kwa hiyo huzama. Kuelea ni habari ya uzito, kumumunyika ni habari ya kushikana, na moja haimwambii mtu chochote kuhusu nyingine. Yale maji nayo hubaki yananukia karafuu, kwa kuwa mafuta kidogo, kiasi cha gramu mbili na ushei kwa lita, hupata papasi hata hivyo. Hakuna mlango uliofungwa kabisa.

Kipo, ila hakionekani

Watu wengi hudhani kilichomumunyika kimekwisha. Tia gramu 100 za sukari katika lita moja ya maji, ambayo ni kilo moja, koroga mpaka usione punje. Mizani itasema kilo moja na gramu 100, bila kupungua hata chembe. Kilichopungua ni nafasi: maji yatapanda kama mililita 60 tu, pungufu sana ya lile fungu la sukari ulilolimimina, kwa sababu sehemu kubwa ya fungu lile ilikuwa upenyo baina ya punje na punje.

Jaribio jingine halihitaji mizani. Zima taa, chukua gilasi ya maji ya sukari na nyingine ya maji uliyodondoshea tui la nazi tone moja, mulika zote kwa tochi ya simu ubavuni. Katika ya sukari mwanga unapita usiuone njia yake. Katika ya tui utauona mstari wa mwanga kama jua linaloingia kwenye tundu la makuti. Tui halikumumunyika, ni vitone vya mafuta vilivyotawanyika, vikubwa kiasi cha kuurudisha mwanga. Urojo vivyo hivyo, wapenzi wake wanisamehe: ule ni unga unaoelea, na ukiuacha utatuama. Mmumunyo wa kweli hautuami, hata ukiuacha mwaka.

Hapo ndipo kanga ya binamu iliposhindwa. Ioni moja, hata pamoja na maji yaliyoizunguka, haifiki sehemu ya milioni moja ya milimita. Kwa ukubwa huo kanga ni geti lililoachwa wazi. Chujio la udongo na mkaa navyo haviizuii chumvi. Vina kazi zake, za takataka, vijidudu na harufu, lakini si hii. Na maji yakiwa maangavu hayajathibitisha kuwa hayana kitu. Yamethibitisha tu kuwa kilichomo kimemumunyika.

Kuchemsha basi? Mvuke unaopanda ni maji peke yake. Chumvi inabaki sufuriani, ndani ya maji machache zaidi kuliko mwanzo. Anayechemsha maji ya chumvi ili yapungue ukali anayazidisha. Wanaovuna chumvi pwani za Unguja na Pemba wanaishi kwa kanuni hiyohiyo, ila moto wao ni jua. Lita ya maji ya bahari ina kiasi cha gramu 35 za chumvi za namna mbalimbali, na nyingi yake ni hii ya mezani. Maji, tumeona, hubeba mpaka 360. Piga hesabu: bahari inapaswa kukauka mpaka ibaki kama sehemu moja ya kumi ndipo punje za chumvi zianze kuonekana. Ndiyo sababu maji huhamishwa bwawa baada ya bwawa kabla ya kufika pa kuvunia. Yanapofika kikomo kile si kwamba kumumunyika kumesimama. Kunaendelea, lakini kila ioni inayoondoka kwenye punje kuna nyingine inayorudi kukaa, kama daladala iliyojaa: mmoja anashuka, mmoja anapanda, idadi ileile.

Moto hausaidii kila kitu

Kwa vile chai ya moto hupokea sukari haraka, tumejiaminisha kuwa maji yakipata moto hubeba zaidi kila kitu. Kwa sukari ni kweli, tena sana: karibu na kuchemka lita moja huchukua zaidi ya kilo nne. Kwa chumvi si kweli. Toka maji ya barafu mpaka yanayochemka kikomo chake kinasogea kidogo tu. Na kwa hewa ni kinyume kabisa. Soda ya moto hufoka ukiifungua kwa sababu gesi iliyomo haikai kwenye joto. Oksijeni wanayoipumua samaki nayo hupungua: maji baridi karibu ya kuganda hubeba miligramu 14 na ushei kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba saba na nusu hivi. Zile tembe ndogo zinazoshika pembeni mwa sufuria kabla maji hayajaanza kuchemka ni hewa inayoaga.

Kumbuka hewa hiyo inayoaga, kwani ndiyo iliyoleta jiwe la Jambiani.

Kusini na mashariki ya Unguja imekaa juu ya jiwe la matumbawe, na ukichimba shimo la mgomba utalikuta kabla jasho halijakutoka. Ni chokaa: mifupa ya viumbe vya bahari ya zamani, kemikali yake kalsiamu kaboneti. Katika maji matupu jiwe hili ni kundi lililoshikana barabara. Lita nzima hung'oa miligramu kumi na kitu tu. Lakini mvua haishuki tupu. Inapopita angani hubeba kidogo ya hewa ukaa, na inapopenya udongoni, ambako mizizi na majani yanayooza hutoa gesi hiyo kwa wingi, hubeba zaidi. Maji yenye hewa ukaa ni asidi dhaifu, ukali ambao ulimi hauusikii, lakini jiwe la chokaa linausikia. Asidi hiyo hugeuza kaboneti kuwa bikaboneti, kundi lenye mshiko legevu, na maji yale sasa yanaweza kubeba mara ishirini au zaidi ya mwanzo. Mvua baada ya mvua, kwa maelfu ya miaka, jiwe limetobolewa. Pango la Mangapwani na mapango ya Jambiani hayakuchimbwa na mtu, yamemumunywa.

Kwa hiyo ndoo aliyoiteka binamu yangu, maji maangavu, matamu, ilikuwa na jiwe tayari. Akayateleka. Hewa ukaa ikaaga kama hewa zote. Ilipoondoka, bikaboneti haikuwa na wa kuishikilia, ikarudi kuwa kaboneti, na kaboneti haina papasi. Ikaketi palepale kwenye joto zaidi, chini ya birika. Ukoko ule ni chokaa, dada wa ile iliyoshikanisha kuta za Mji Mkongwe, na ni matumbawe yaleyale yaliyosafiri majini bila kuonekana, yakateremka jikoni kwake.

Sasa tuwarudie majirani.

Aliyesema chumvi ya bahari alichanganya maji ya chumvi na maji magumu. Simlaumu, maana yote mawili huikatalia sabuni povu, na hapo ndipo wengi hupotezwa. Maji magumu yana kalsiamu, ambayo huikamata sabuni na kuigandisha ikawa ule utando wa kijivu unaoshika beseni. Povu halitoki mpaka kalsiamu yote ipate yake, na kipande cha sabuni kinakwisha mapema. Maji ya chumvi huizuia sabuni isimumunyike vizuri tangu mwanzo. Kuvitofautisha ni rahisi. Chemsha, acha yapoe na yatuame, kisha jaribu sabuni. Ya Jambiani yatatoa povu zuri zaidi kuliko kabla, kwa kuwa sehemu ya jiwe imeshabaki birikani. Ya chumvi hayabadiliki, au yanazidi kuwa mabaya. Ulimi nao unasaidia: kloridi ikivuka kiasi cha miligramu 250 kwa lita, watu wengi huanza kuisikia.

Maji ya chumvi yapo kweli, na sababu yake ni nyingine. Chini ya kisiwa maji ya mvua yanaelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi kidogo. Panapokuwa na mita moja ya maji matamu juu ya usawa wa bahari, nadharia husema pana kama mita 40 chini yake. Hesabu hiyo hukata pande zote: ukivuta kwa pampu mpaka maji yashuke mita moja, bahari inapata ruhusa ya kupanda 40. Kisima kilichofikia hapo hakitibiwi kwa chujio la dukani linalouzwa kwa maneno matamu. Chumvi iliyomumunyika hutolewa kwa kuyageuza maji mvuke na kuyakusanya upya, au kwa kuyasukuma kwa nguvu kupita utando maalumu wenye vitundu vidogo mno, kazi ya mitambo. Kwa nyumba ya kawaida, bati safi na pipa la kukingia mvua ya masika ni dawa bora kuliko zote mbili, na ni maji laini, yatakayoipenda sabuni.

Aliyesema dawa, yaani klorini: inayotakiwa ibaki kwenye maji mpaka yafike mferejini haizidi sana nusu ya miligramu kwa lita, na yakichemka nyingi yake huondoka hewani. Haiwezi kujenga ukoko.

Na wa figo? Shirika la Afya Duniani limeangalia ugumu wa maji na halikupata ushahidi wa kuridhisha kwamba unadhuru afya ya binadamu. Jiwe la figo hujengeka mwilini kwa njia zake, na jambo linaloliomba zaidi ni kukojoa mkojo mzito kwa kunywa maji machache. Aliyeacha kunywa maji ya kisimani kwa kuliogopa birika anaweza kuwa analikaribisha lile alilolikimbia. Maji magumu hula sabuni, hula gesi ya kupikia, kwa sababu ukoko huzuia joto lisifike majini. Hapo ndipo hasara ilipo.

Nilimwambia binamu akamue ndimu nne ndani ya birika, atie maji kidogo, apashe moto, kisha aache kama saa moja. Siki ingefaa pia. Akanirudia na video: ukoko unatoa vitone vya povu, vinapanda mfululizo, na ndani ya birika panasikika mchirizo kama wa soda. Asidi ya ndimu inalivunja jiwe, na hewa ukaa iliyofungwa ndani yake inatoka, gesi ya namna ileile iliyonaswa na mvua udongoni.

"Linakwisha," aliniambia. Halafu akanyamaza kidogo. "Lakini kaka, wewe si umesema halipotei? Sasa jiwe limekwenda wapi?"

Nikamuuliza maji yale ameyamwaga wapi. Akasema kwenye shina la mpapai, nyuma ya nyumba, juu ya jiwe.